Zisukwe Ndogo Kabisa

VERNETTA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

JAKIRA: (kimya)

VERNETTA: Nauliza nani? Kama ni nyie watu wa bima ya gari, nimeshawaambia gari langu lina umri wa kupiga kura. Liacheni lizeeke kwa amani.

JAKIRA: (anacheka kidogo, kisha anajikohoza)

VERNETTA: Nani huyo anayecheka?

JAKIRA: Shangazi.

VERNETTA: Sema tena.

JAKIRA: Shangazi Vernetta. Ni mimi.

VERNETTA: Jakira? Jakira wa kaka yangu Raymond? Ee Yesu wangu! Mwanangu, siku kumi na tisa mimi na– ngoja. Ngoja nizime pasi. Usikate. Nazima pasi tu, usikate!

JAKIRA: Sikati.

VERNETTA: Haya, nimerudi. Mzima? Umekula?

JAKIRA: Mzima. Goti lako je?

VERNETTA: Achana na goti langu. Uko wapi?

JAKIRA: Nasukwa.

VERNETTA: Unafanyaje?

JAKIRA: Nasukwa nywele. Nimekaa kwenye kiti cha msusi, na tangazo lako la kunitafuta limebandikwa ukutani mbele yangu, kando ya pakiti za rasta. Nimejitazama robo saa nzima. Shangazi, picha zote ulizonazo ukaona uweke ile yenye pengo? Hapo nina miaka kumi na miwili!

VERNETTA: Ndiyo pekee niliyo nayo. Nyingine zote ziko kwenye faili la watu wa ustawi wa watoto.

JAKIRA: Ulijuaje nitakuja hapa?

VERNETTA: Sikujua. Tulituma kwenye maduka arobaini na mawili ya wasusi, kutoka huku Oakland mpaka Bakersfield. Wamama wa kanisani wamelamba stempu mpaka ndimi zimekauka. Polisi hawakubandika hata karatasi moja. Nikasema sawa, popote alipo, mtoto wetu ana kichwa, na vichwa vyetu havimalizi mwezi bila mkono wa mtu anayevijua. Upo?

JAKIRA: Nipo.

VERNETTA: Simu ya nani hii?

JAKIRA: Ya msusi. Mama Coumba, mtu wa Senegali. Hajaniuliza neno. Aliona nautazama ukuta, akaichomoa kwenye chaji, akanipa chini ya shuka hili la kufunikia mabega. Sasa anasuka anaimba kana kwamba hakuna kitu.

VERNETTA: Mungu ailinde mikono yake. Na huyo– huyo uliye naye. Yuko hapo?

JAKIRA: Nani?

VERNETTA: Jakira.

JAKIRA: Kerwin ametoka. Amesema atanipitia saa nane.

VERNETTA: Sasa hivi ni saa tano na dakika ishirini. Nitajie mji. Mji tu. Anwani za maduka yote ninazo kwenye daftari.

JAKIRA: Usije, Shangazi.

VERNETTA: Mji tu, mama.

JAKIRA: Nimepiga nikusikie tu. Nilitaka ujue sijafa. Basi.

VERNETTA: Nimekusikia, na hujafa, na namshukuru Mungu. Sasa nitajie mji.

JAKIRA: Hakuna aliyeniiba. Nilitoka kwa wale wazungu waliopewa kunilea, kina Pruitt, kwa miguu yangu mwenyewe, na begi langu. Hata polisi wameandika hivyo, Kerwin alinisomea. “Mtoro.”

VERNETTA: Najua walivyoandika, nilikuwa nimesimama pale! Nilikwenda kituo cha polisi cha Marlow Creek siku ya pili na viatu vyangu vya kanisani. Kijana wa mezani akasema, mama, begi halipo, kwa hiyo ametoroka. Nikamwambia mtoto wa miaka kumi na mitano hatoroki, anapotea. Akasema hicho kisanduku kwenye fomu kimeshajazwa. Na wiki ileile, yule binti mzungu wa wenye shamba la farasi alipochelewa kurudi–

JAKIRA: Kwa saa sita tu.

VERNETTA: Saa sita! Wakarusha helikopta!

JAKIRA: Tuliiona. Tulikuwa bado karibu, kwenye gesti ya barabarani. Kerwin akaniambia, tazama, wanakutafuta wewe. Tukacheka. Mimi sikucheka sana.

VERNETTA: (sauti ya droo zikifunguliwa)

JAKIRA: Shangazi?

VERNETTA: Nipo. Natafuta funguo za gari.

JAKIRA: Nimesema usije!

VERNETTA: Natafuta tu. Mtu hakatazwi kutafuta funguo zake. Hebu nieleze, huyo Kerwin mlijuana vipi?

JAKIRA: Unanichimba.

VERNETTA: Ndiyo, nakuchimba. Mimi ni shangazi yako. Nisipokuchimba mimi nani atakuchimba?

JAKIRA: Ni hizi nywele. Bibi Pruitt hakuwa mbaya, usidhani. Alinipikia, alininunulia jaketi. Ila kichwa kilimshinda. Alikuwa akiziosha kila siku, kama zake. Zikajifunga, zikawa donge moja huku nyuma. Siku moja akaleta mkasi wa jikoni. Alilia wakati anakata, mimi ndiye niliyemwambia si kitu. Kesho yake shuleni, kule ambako weusi ni mimi na mlinzi wa geti tu, wakaanza kunishika kichwa kila nikipita. Mwalimu naye akashika.

VERNETTA: Mwalimu!

JAKIRA: Kwa hiyo nikawa sirudi na basi la shule, nangoja la baadaye. Kerwin akanikuta kituoni. Akaniambia, dada, nani kakufanyia hivi? Ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Akanipeleka mjini kusukwa. Shangazi, alikaa saa tano. Kwenye kiti cha plastiki, ananingoja. Hakuna mtu amewahi kukaa saa tano akiningoja mimi.

VERNETTA: Na sasa hivi yuko hapo kwenye kiti cha plastiki?

JAKIRA: Siku hizi ana kazi.

VERNETTA: Na wewe, unafanya kazi gani?

JAKIRA: (kimya)

VERNETTA: Haya. Si lazima unijibu.

JAKIRA: Mtandao mbaya, sikusikii vizuri.

VERNETTA: Ndiyo. Mtandao mbaya. Nimesema si lazima. Leo anakusuka za namna gani?

JAKIRA: Rasta nene. Kerwin ameagiza nene ili ziishe haraka, kuna safari jioni. Vegas.

VERNETTA: Vegas. (sauti ya mlango wa gari) Zimefika wapi?

JAKIRA: Mistari miwili ya nyuma. Hiyo ni nini? Umo ndani ya gari?

VERNETTA: Nimekaa tu. Viti vya gari havikatazwi. Jakira, mwambie huyo mama azisuke ndogo. Ndogo kabisa, mpaka kiunoni.

JAKIRA: Hizo zitachukua saa saba nzima!

VERNETTA: Ndiyo maana nasema.

JAKIRA: Kerwin atawaka. Hujui akiwaka anakuwaje. Wewe unazungumza tu! Ungekuwa unanitaka ungenichukua wakati ule. Nilikaa kwenye ofisi ya ustawi siku nne, Shangazi, na begi langu miguuni, kila mlango ukifunguliwa nasema ndiye huyo. Hukuja. Kisha yule dada wa ustawi akanipakia kwenye gari kwenda kwa wazungu nisiowajua, akaniambia, “Shangazi yako hakuweza kukuchukua.”

VERNETTA: Alisema “hakuweza”?

JAKIRA: Hivyo hivyo.

VERNETTA: Alisema kweli. Sikuweza. Sikiliza. Kulikuwa na fomu. Kurasa kumi na nane. Ukurasa wa sita wameuliza: taja kila mtu anayelala, au aliyewahi kulala, katika nyumba yako. Na mimi, mpumbavu mimi, nikaona fahari. Tangu enzi za bibi yako hakuna mtu aliyefukuzwa kwenye ile nyumba. Nikasema waone kwamba mtoto huyu anakuja kwenye nyumba yenye watu. Nikaandika wote. Mistari haikutosha, nikabania karatasi nyingine. Mzee Ollie wa kwaya, paa lake lilipovuja. Deonte, alipokosa pa kulala. Wale mapacha wa Louisiana waliokimbia mafuriko. Na nikamwandika baba yako, zile Jumapili mbili alizolala kwenye kochi langu alipotoka gerezani.

JAKIRA: Wakakukatalia kwa sababu ya Baba?

VERNETTA: Kwa sababu yake, na ya wote. Barua ilisema nyumba yangu ina “watu wengi wasiojulikana.” Wasiojulikana na nani? Mimi nawajua wote mpaka saizi ya viatu! Nikakata rufaa. Mara ya pili nikakata. Mara ya tatu nikaenda na mchungaji. Dada Patrice wa mtaa wa pili alijaza fomu ileile akaandika jina lake tu, na kwake watu ni wengi kuliko kwangu, akapewa wajukuu wote wawili. Mimi nilidhani ukweli mwingi ndio utakaoniokoa.

JAKIRA: Na mbona hukuniambia? Miaka miwili!

VERNETTA: Waliniambia nisikupigie mpaka rufaa iishe, itaonekana navuruga. Nikatii. Hilo la fomu naweza kuwalaumu wao. Hili la simu sina wa kumlaumu.

JAKIRA: (redio ya dukani inasikika kwa mbali)

VERNETTA: Jakira?

JAKIRA: Nilidhani muda wote umenichoka.

VERNETTA: Nikuchoke? Nikuchoke kwa lipi, mtoto wewe?

JAKIRA: Sijui. Nilikuwa nikiwaza kwa lipi. Nikikuambia nilipo, na ukaja. Leo nitalala kwako?

VERNETTA: (kimya)

JAKIRA: Shangazi, jibu.

VERNETTA: Mtandao–

JAKIRA: Nakusikia vizuri.

VERNETTA: Hapana. Leo hutalala kwangu. Nikikuweka nyumbani bila kibali chao wataniita mwizi wa mtoto, na hapo hawatakupa kwangu milele. Nitakupeleka kwao. Watakutafutia kitanda mahali, sijui wapi, huenda kwa wazungu wengine. Mimi nitakaa kwenye ile korido yao, kwenye yale mabenchi, mpaka wanitoe kwa nguvu, na kesho yake nitarudi kukaa. Hilo ndilo nililo nalo. Sina jingine. Ningeweza kukudanganya.

JAKIRA: Kerwin angesema ndiyo.

VERNETTA: Najua.

JAKIRA: Kila kitu anasema ndiyo.

VERNETTA: Najua, mama.

JAKIRA: (sauti yake inageuka pembeni) Mama Coumba, samahani. Naweza kubadilisha? ... Nataka zisukwe ndogo. Ndogo kabisa. ... Ndiyo, mpaka hapa. ... Najua ni muda mrefu. ... Ndiyo, anza upya.

VERNETTA: (analia kwa sauti ya chini)

JAKIRA: Unalia?

VERNETTA: Nawasha gari. Linatoa sauti hiyo.

JAKIRA: Modesto. Duka lina mlango wa kijani, kando ya wauza matairi. Ila sikiliza, usiite polisi. Niapie.

VERNETTA: Mwanangu, wangefika kabla yangu, mimi niko mwendo wa–

JAKIRA: Basi nakata.

VERNETTA: Usikate! Sawa. Naapa. Naja mwenyewe.

JAKIRA: Walinishika wiki iliyopita. Katika mji mwingine. Nilikuwa na mwenzangu, Brynn, mzungu. Ana miaka kumi na saba, mkubwa kuliko mimi! Wakamfunika blanketi. Wakampa maji, wakampigia mama yake. Mimi wakanifunga pingu, wakanikalisha ukingoni mwa barabara. Askari akaniuliza, wewe ndiye uliyemwingiza huyu binti kwenye mambo haya?

VERNETTA: Hukumwambia umri wako?

JAKIRA: Nilisema kumi na tisa. Kerwin ametufundisha kusema kumi na tisa. Brynn naye alisema kumi na tisa. Yeye wakamwambia, acha uongo, mtoto. Mimi waliniamini.

VERNETTA: (sauti ya gari)

JAKIRA: Nilikuwa nimevaa soksi za katuni, Shangazi. Zile za bata.

VERNETTA: Uliondokaje mikononi mwao?

JAKIRA: Kerwin alikuja na kitambulisho, akasema mimi ni dada yake. Wakakikubali. Brynn yuko kwao sasa. Ananitumia picha za mbwa wake, au alikuwa akituma, kabla Kerwin hajachukua simu.

VERNETTA: Haya. Haya, mwanangu. Niko barabara kuu.

JAKIRA: Unaendesha kasi gani?

VERNETTA: Inayoruhusiwa.

JAKIRA: Shangazi! Wewe unaendesha kama unapeleka maiti makaburini. Ongeza!

VERNETTA: Mimi ni mweusi ndani ya gari la umri wa kupiga kura, naongeza ili nisimamishwe nieleze nakimbilia wapi? Nitafika. Usiniharakishe ukaniweka pembeni ya barabara na tochi usoni.

JAKIRA: (anacheka) Umevaa nini?

VERNETTA: Gauni la ndani na juu yake koti la usha, lile la kukaribisha watu kanisani. Nilikuwa napiga pasi sare ya kesho. Na ndala.

JAKIRA: Ndala! Utaingia hivyo dukani?

VERNETTA: Nitaingia hivyo hata ikulu. Simu iweke hapo mapajani, iache wazi. Si lazima tuzungumze.

JAKIRA: Zungumza wewe. Nieleze ya nyumbani.

VERNETTA: Ya nyumbani. Deonte amepata kazi bandarini, analala na helmeti, anaona fahari. Mzee Ollie bado anaimba nje ya sauti na hakuna wa kumwambia. Chumba chako kipo. Nimeweka kitanda tangu ile rufaa ya kwanza, na Deonte akikikalia namfukuza na ufagio.

JAKIRA: Mama Coumba anagawa nywele vipande vyembamba kama uzi. Vidole vyake havionekani.

VERNETTA: Mwambie Vernetta wa Oakland anamsalimu.

JAKIRA: ... Anasema salamu zimefika. Anasema taratibu, barabarani. Amesuka mbili akazifumua, akazisuka tena. Ananikonyeza.

(Upepo kwenye dirisha la gari. Mtandao unakwaruza.)

VERNETTA: Nimepita ile mitambo ya upepo pale Altamont. Upo?

JAKIRA: Nipo. Saa ngapi?

VERNETTA: Saa sita na robo. Una njaa?

JAKIRA: Amenipa wali wake. Una samaki na limau. Mtamu lakini pilipili!

VERNETTA: Kula. Kula wote.

(Muda unapita. Sauti zinakatika, zinarudi.)

VERNETTA: ... foleni hapa Manteca, lori limelala barabarani. Unanisikia? Wanatupitisha mstari mmoja.

JAKIRA: Nakusikia nusu nusu. Shangazi, kama nikipelekwa kwa wengine tena, utakuja kunisuka wewe? Watakuruhusu hata hilo?

VERNETTA: Nitaomba. Jumamosi mbili kwa mwezi, nitaandika barua.

JAKIRA: Wewe husuki vizuri lakini. Unavuta.

VERNETTA: Navuta kwa sababu huketi ukatulia! Tangu una miaka mitatu, kichwa huku, kichwa kule– Haya, tumeachiwa. Natembea sasa.

JAKIRA: (kwa sauti ya chini sana) Shangazi.

VERNETTA: Dakika ishirini, mama.

JAKIRA: Amerudi.

VERNETTA: Nani? Haijafika hata saa saba!

JAKIRA: Yuko nje. Anaegesha pikapu. Anamalizia sigara.

VERNETTA: Kuna mlango wa nyuma?

JAKIRA: Una kufuli, Mama Coumba ameshatazama. Kerwin anakuja.

VERNETTA: Usikate. Ifunike. Usinijibu, sikiliza tu. Niko nawe.

(Kengele ya mlango. Sauti ya mwanamume, maneno hayasikiki.)

JAKIRA: (kwa mbali) Umewahi. ... Hapana, mimi ndiye niliyeomba ndogo. Zinakaa muda mrefu. ... Hakukosea yeye, nimesema ni mimi.

VERNETTA: (ananong'ona) Vizuri. Taratibu. Nimefika Ripon. Kumi na tano.

(Sauti ya mwanamume inapanda. Kiti kinasukumwa.)

JAKIRA: (kwa mbali) Sijamaliza. Nimesema sijamaliza, Kerwin. Nitatokaje na nusu kichwa?

VERNETTA: Keti, mwanangu. Keti hapo hapo.

(Kitu kinaanguka, vitu vidogo vinatawanyika sakafuni. Sauti ya mwanamke kwa lugha nyingine, kali.)

JAKIRA: (karibu sana, haraka) Shangazi, nimeinama naokota vitana. Mama Coumba amesimama mlangoni, hataki nipite. Kerwin amemshika mkono. Ule anaosukia.

VERNETTA: Keti. Mwache, huyo mama anajua anachofanya. Dakika kumi na mbili–

JAKIRA: Anauzungusha. Ana watoto huyu, picha zao ziko kwenye kioo.

VERNETTA: Jakira, rudi kwenye kiti!

JAKIRA: Nimeshasimama.

VERNETTA: Mama, nakusihi–

JAKIRA: Pikapu ya fedha, taa ya nyuma imepasuka. Ukifika kwa polisi hawatakusikiliza, wataandika lile neno lao tena, “mtoro.” Usiwaache waandike. Usisaini. Waambie nilikuwa nimekaa, Shangazi. Waambie nilikuwa nakungoja.

VERNETTA: Nitawaambia. Nitasimama pale mpaka–

(Sauti ya mwanamume, karibu: “Nani huyo?”)

JAKIRA: (kwa sauti kubwa, kama mtu wa dukani anayemjibu mteja) Hapana, mama, leo tumejaa. ... Samahani sana. ... Ndiyo, jaribu tena kesho. Asante kwa kupiga.

VERNETTA: Jakira, naliona bango la Modesto, naliona–

(Simu imekatwa.)